Tazama BABIP kabla ya kumsajili mpigaji aliyewaka ghafla
Kabla ya kumsajili katika timu yako ya fantasi (mchezo wa kuunda timu ya kubuni kwa takwimu za wachezaji halisi) mpigaji wa besiboli aliyewaka wiki mbili, au kumwacha aliyepoa, linganisha BABIP yake ya sasa na ile ya miaka yake yote ya uchezaji. Kipimo hiki huonyesha ni sehemu gani ya mipira aliyoigonga ikabaki uwanjani iliyomfikisha salama kwenye kituo, na wastani wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, hukaa karibu na .300, kwa hiyo mwenye .420 ambaye bado anatolewa kwa straiki tatu mara nyingi kama zamani anabebwa zaidi na bahati, kwani hata mipira yake dhaifu inapenya katikati ya walinzi, jambo lisiloweza kuendelea hadi Septemba, mwishoni mwa msimu. Aliye na .190 lakini anaugonga mpira kwa kasi ileile ya msimu uliopita (tovuti ya Baseball Savant huionyesha bure) ndiye wa kumchukua kwa bei ya chee. Kasi hiyo ikiwa imeshuka, shuku jeraha, umwache. Tahadhari zaidi ni kwa wenye mbio, ambao BABIP yao huweza kubaki juu miaka yote: Ichiro Suzuki, mpigaji Mjapani mwenye mbio, alistaafu na BABIP ya .338, na ile haikuwa bahati hata kidogo.