Kuondoa ukoko wa chokaa kwenye hita na pampu ya tangi la samaki

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika hapa Dodoma, na maji yangu ni ya kisima, magumu kwa wingi wa madini ya chokaa. Maji magumu hayawasumbui samaki hawa hata kidogo, kwa sababu ziwa lao lenyewe lina maji magumu, na pH yake (kipimo cha uasidi) inakaribia 9. Wanaoumia ni vifaa. Maji hayo yakipashwa moto au yakikauka huacha kalsiamu kabonati, ule ukoko mweupe unaoujua kutoka ndani ya birika la umeme. Hita ikivaa ukoko huo hupasha maji kwa shida, na glasi yake hupata moto mno sehemu moja. Pampu nayo huanza kukoroma, halafu siku moja umeme unakatika, unarudi, na yenyewe haizunguki tena.

Ukoko huu huondolewa kwa asidi, na ya kukutosha iko jikoni kwako: siki nyeupe, au ndimu ya unga. Ile asidi ya kusafishia vigae inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni haidrokloriki. Iache huko huko. Niliwahi kuitumia bafuni, mlango umefungwa, nikisafisha mfuniko wa kioo. Mvuke ulinipanda puani nikatoka mbio, nakohoa, macho yanachuruzika machozi. Siku chache baadaye bawaba za mlango zilikuwa zimeshika kutu. Sijairudia tena, na vifaa vyangu vinatakata vilevile.

Andaa ndoo ya plastiki (usitumie sufuria ya alumini, asidi inaila), mswaki wa zamani, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Siki ya asilimia 5 tumia kama ilivyo. Ukitumia ndimu ya unga, pima gramu 50 kwa lita moja ya maji. Tia maji kwanza, kisha nyunyizia unga taratibu bila kuinamia ndoo, maana vumbi lake linawasha koo.

Hatua ya 1: Umeme kwanza. Chomoa plagi zote ukutani, usizime swichi tu. Hita iache ndani ya maji nusu saa ipoe. Glasi ya moto ukiitoa ghafla hupasuka.

Hatua ya 2: Okoa bakteria. Toa sponji na vijiwe vya filta, uviweke kwenye chombo chenye maji ya tangi lenyewe. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti. Siki ikiwafikia, umewaua. Usiviache humo kutwa nzima pia, kwa kuwa bakteria hao wanahitaji hewa.

Hatua ya 3: Loweka. Fungua pampu utoe impela, kile kifeni kidogo chenye sumaku kinachosukuma maji. Kishike kwa uangalifu, kijiti chake cha kauri huvunjika kirahisi. Kitumbukize kwenye siki, na papo hapo utaona vipovu vidogo vikitoka kwenye ukoko na kupanda juu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ni kaboni dioksaidi: asidi inamega chokaa. Kwa ukoko mwembamba, nusu saa inatosha.

Hita isimamishe wima kwenye chupa ndefu au jagi, sehemu ya glasi tu izame. Kichwa chake, waya na plagi vibaki nje. Ukiona matone ya maji ndani ya glasi, hita hiyo imekwisha. Usiijaribu tena, itakupiga shoti.

Vipovu vikikoma na weupe bado upo, asidi imechoka. Mwaga, weka nyingine. Maji ya uvuguvugu huharakisha kazi, lakini ndimu ya unga usiitie kwenye maji yaliyochemka. Katika joto kali hutengeneza kalsiamu sitreti, nayo hujishikiza kama ukoko mpya mweupe, mgumu kuondoa. Wengi hufikiri ndimu imeshindwa kazi, kumbe ni moto.

Kamwe usichanganye asidi na dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki. Hata siki ya jikoni ikikutana nayo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Kama ndoo yako iliwahi kuwekwa jiki, ioshe kabisa kabla hujaanza. Fungua madirisha, na watoto wakae mbali.

Hatua ya 4: Sugua. Mswaki tu. Kisu huacha mikwaruzo, na ukoko unaofuata hushikilia hapo hapo.

Hatua ya 5: Suuza. Hapa usiwe na haraka. Suuza mara tatu, kisha loweka dakika kumi kwenye maji yenye kijiko cha chakula cha soda ya kuokea kwa kila lita, usuuze tena. Asidi ikibaki kwenye mianya ya pampu itaingia kwenye tangi na kushusha pH, na samaki wa Tanganyika hawavumilii mabadiliko ya ghafla.

Ule mstari mweupe juu ya kioo cha tangi? Punguza maji kidogo, lowesha kitambaa kwa siki, kikamue kisichuruzike, kisha kikandamize pale dakika chache. Usinyunyize siki juu ya tangi lenye samaki.

Ukirudisha vifaa, washa pampu kwanza. Itatema hewa dakika moja mbili, halafu itatulia. Hita ikae ndani ya maji robo saa, ndipo uchomeke plagi.