Kuchagua Njia ya Kuchomelea Chuma Kabla ya Kuwasha Mashine

Fundi mwenye mashine moja huelekea kuilazimisha ifanye kila kazi inayoletwa karakanani. Ni afadhali aanze na chuma chenyewe: ni cha aina gani, kina unene gani, na kitachomelewa ndani au nje penye upepo.

Chuma cheusi, kile cha mageti na magrili ya madirisha, hushikwa na sumaku na hutoa cheche ndefu kinapopitishiwa grenda. Stenlesi ya masinki na vishikio vya ngazi kwa kawaida haishikwi na sumaku, nayo alumini hujulikana kwa wepesi wake. Chuma cha kumimina hutoa cheche fupi nyekundu, na kikipigwa huvunjika badala ya kupinda.

Kwa chuma cheusi chenye unene wa milimita 3 na zaidi, ninapendekeza njia ya rodi, yaani fimbo ya chuma iliyopakwa dawa ambayo huyeyuka na kuwa mshono, bila kusita, kwa sababu haihitaji mtungi wa gesi, hustahimili upepo, na mashine yake hupandishwa hata juu ya paa. Rodi ya E6013 huwaka kwa urahisi: ya milimita 2.5 hutumia takriban ampea 60 hadi 90, na ya milimita 3.2 takriban ampea 90 hadi 130. Hata hivyo, kiungo kinachobeba uzito mkubwa, kama cha stendi ya tanki la maji, kinastahili rodi ya E7018, ambayo mshono wake haupasuki upesi. Tanki la lita 2,000 likijaa huwa na tani mbili za maji, na watu hupita chini ya stendi yake kila siku. Lakini rodi za E7018 ni lazima ziwe kavu kabisa, kwa kuwa unyevu huingiza haidrojeni katika mshono na kuleta nyufa zisizoonekana kwa macho. Katika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, pakiti iliyoachwa wazi karakanani haifai tena kwa kazi ya namna hiyo mpaka rodi zikaushwe katika tanuri maalumu.

Mabomba ya mraba ya milimita 1.2 au 1.5 ndiyo yanayowatesa wanaotumia rodi, kwa maana hutoboka mara moja. Hapo mashine ya MIG, inayolisha waya mwembamba wa milimita 0.8 huku gesi ikiukinga mshono, hufanya kazi safi na ya haraka. Upepo ukiipeperusha gesi hiyo, mshono hujaa vitundu. Kwa hiyo zungushia turubai, au tumia waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji gesi ingawa moshi wake ni mwingi. Asiye na MIG atumie rodi ya milimita 2, apunguze ampea, na achomelee vipande vifupi vifupi akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili bomba lipoe.

TIG, inayotumia ncha ya tungsteni isiyoyeyuka huku gesi ya argoni ikiukinga mshono, ni ya stenlesi nyembamba na alumini. Ni ya polepole na argoni yake ni ghali, lakini mshono wake hauna mfano. Kabla ya kununua, uliza kama mashine hutoa umeme wa mkondo geu (AC), kwa sababu nyingi za bei nafuu hutoa mkondo mnyoofu (DC) tu, nao haufai kwa alumini. Chuma cha kumimina kilichopasuka, kwa upande wake, mara nyingi huungwa vizuri zaidi kwa moto wa oksijeni na asetilini pamoja na rodi ya shaba nyeupe, kwa kuwa chuma chenyewe hakiyeyuki.

Chuma kilichopakwa zinki kina hatari yake, njia yoyote itakayotumika. Saga zinki yote kuzunguka kiungo na ufanye kazi penye hewa, kwani mafusho yake huleta homa na baridi kali usiku huohuo. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi hayazuii madhara hayo.

Ukishachagua, chukua vipande viwili vya mabaki ya chuma kilekile, viunganishe, uvibane kwenye jiliwa na uvipinde kwa nyundo. Mshono ukibanduka upande mmoja huku chuma chini yake kikiwa hakijayeyuka, ongeza ampea na ujaribu tena. Ukiendelea kubanduka, njia hiyo haiufai unene huo.