Namna ya kuhuisha sheria ndogo ya kelele katika Manispaa ya Moshi

Kazi ya kwanza si kuandika bali kusoma. Kabla diwani au kikundi cha wakazi hakijapendekeza kifungu kipya, kiombe kwa mwanasheria wa halmashauri nakala ya sheria ndogo zinazotumika pamoja na namba ya Tangazo la Serikali lililozichapisha. Masharti ya kelele huweza kuwa yamejificha ndani ya sheria ndogo za afya, usafi wa mazingira au leseni za biashara, na ukitunga kifungu kipya bila kukifuta kile cha zamani, mshtakiwa atasimama mahakamani akiuliza anashtakiwa kwa kipi kati ya hivyo viwili.

Baada ya hapo isomwe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, kwa sababu sheria ndogo haiwezi kulegeza kile ambacho sheria mama imekikaza. Kanuni hizo zinaweka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, desibeli 55 na 45 mahali ambapo makazi yamechanganyika na biashara na burudani, na desibeli 45 na 35 kwa hospitali. Mchana huhesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Rasimu ieleze basi ni maeneo gani ya manispaa yanaingia katika kundi lipi: barabara yenye baa pande zote mbili haiwezi kupewa kipimo kimoja na mitaa inayozunguka hospitali za KCMC au Mawenzi, na jambo hilo lisiachwe liamuliwe na mtendaji akiwa amesimama mlangoni pa baa usiku wa manane.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa sheria ndogo nyingi za aina hii. Zinataja kosa na faini, lakini hazisemi nani apokee lalamiko saa 6 usiku, apime kwa chombo gani na apimie wapi. Kifungu kizuri kitasema kwamba kipimo huchukuliwa kwenye mpaka wa kiwanja cha mlalamikaji, kwamba hupimwa pia muziki ukiwa umezimwa ili sauti ya barabarani isihesabiwe kuwa ya baa, na kwamba kipima sauti kina cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujapita. Programu ya simu inaweza kumsaidia mkazi kujua kama lalamiko lake lina uzito, ila isitegemewe kuwa ushahidi.

Kipimo chenyewe kina upungufu wake. Desibeli zinazotumika kwenye kanuni huhesabiwa kwa mizani inayofuata sikio la binadamu, nayo hupunguza uzito wa sauti nzito. Kwa hiyo besi inayotikisa vioo vya madirisha inaweza kusomeka chini kuliko inavyomkera aliyelala. Kwa sababu hiyo napendekeza rasimu iwe na njia mbili. Ya kwanza ni ya kipimo, kwa ajili ya mashtaka. Ya pili ni ya sikio: ikiwa baada ya saa 4 usiku sauti inasikika waziwazi ndani ya nyumba ya jirani iliyofungwa milango na madirisha, afisa aliyeishuhudia awe na mamlaka ya kuamuru ipunguzwe papo hapo, na kukaidi amri hiyo ndiko kuwe kosa. Bila njia ya pili, manispaa yenye kipima sauti kimoja itakuwa na sheria ya saa za kazi tu.

Lalamiko liandikwe kwenye daftari la ofisi ya mtaa, likionyesha tarehe, saa, chanzo na hatua iliyochukuliwa, na jina la mlalamikaji lisitajwe kwa mlalamikiwa katika hatua ya onyo. Watu wengi wako radhi kukesha kuliko kujulikana kuwa ndio walioshtaki harusi ya jirani au mkesha wa kanisa.

Kuhusu nyumba za ibada, kifungu kizungumzie vipaza sauti na saa, kisiguse imani, na kitumike sawasawa kwa kanisa, msikiti na mkutano wa injili wa uwanjani. Sherehe ziwe na kibali kinachotaja saa ya kumaliza, upande ambao spika zitaelekezwa na simu ya msimamizi. Desemba, familia zinaporudi Kilimanjaro na sherehe kufuatana, ofisi ya kata itajua mapema mitaa ya kutazamwa. Mashine za kusaga na karakana za kuchomelea zipangiwe saa. Bodaboda zilizotobolewa mabomba ya moshi waachiwe polisi wa usalama barabarani.

Adhabu zipande kwa ngazi: onyo la maandishi, kisha kufifilisha kosa, yaani kulimaliza bila kwenda mahakamani, kwa faini mbele ya Mkurugenzi wa Manispaa iwapo mkosaji amekiri kwa maandishi, kisha mahakama. Spika zisichukuliwe na mgambo bila hati inayoorodhesha mali iliyochukuliwa na sababu yake, la sivyo sheria itageuka kuwa mradi wa rushwa.

Rasimu hujadiliwa kwenye mikutano ya mitaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Tangazo hutolewa ili wananchi walete maoni na mapingamizi, ambayo yajibiwe kwa maandishi, kisha Baraza la Madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha na Gazeti la Serikali huchapisha. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai, fedha za kipima sauti na posho ya zamu za usiku ziombwe kwenye bajeti wakati rasimu ingali mezani. Sheria ikishachapishwa, nakala zibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, na mwenye baa akabidhiwe yake kwa kusaini siku anapohuisha leseni ya vileo.