Si kila anayekokota gari la vita ni farasi
Kabla hujaandika "farasi" chini ya picha ya magari ya vita kwenye kisanduku cha Uru, mji wa kale wa Wasumeri katika Iraki ya leo (takriban 2500 KK, sasa kipo British Museum), tazama gurudumu: ni mbao nzima zilizounganishwa, hazina spoki. Halafu tazama pua. Hatamu zimefungwa kwenye pete ya puani, hakuna lijamu mdomoni. Wanyama hao wanne wanaokokota kila gari wanadhaniwa kuwa ni kunga, chotara wa punda jike wa kufugwa na dume la punda-mwitu wa Siria. DNA ya mifupa ya Umm el-Marra, eneo la magofu ya kale huko Siria, iliyotangazwa 2022, ilionyesha uzazi huo. Kunga hazai, kwa hiyo kila mara ilibidi wakamate dume la porini, mnyama mwenye mbio kali. Ndiyo maana kunga alikuwa ghali mno.

Kwenye Enuma Elish, utenzi wa Babeli kuhusu uumbaji, kibao cha udongo cha IV, mungu Marduk anafunga wanyama wanne kwenye gari lake la tufani: Mwuaji, Asiye na Huruma, Mkanyagaji, Arukaye. Midomo wazi, meno yana sumu, lakini neno farasi halimo, usiliongeze. Farasi mtafute kwenye Gilgamesh, utenzi mwingine wa kale wa Mesopotamia, kibao cha VI: mungu wa kike Ishtar alimpenda, kisha akampangia mjeledi, mbio ndefu na maji ya matope.