Kuchagua chambo kikubwa cha mabapa mawili: mwongozo wa uvuvi wa maski kwa walioko Minnesota na Wisconsin

Wengi wetu tunaoishi Minneapolis, Brooklyn Park au Milwaukee tunapita kando ya maziwa yenye maski (kwa Kiingereza muskie) kila siku tukienda kazini. Samaki huyu ni jamaa wa paiki (pike): mrefu, mwenye mdomo bapa na meno yanayokata uzi wa kawaida mara moja. Yumo kwenye maziwa ya Minnetonka, White Bear, Bald Eagle na Independence, na yumo hata ziwa Harriet, ndani kabisa ya jiji la Minneapolis. Ukipanda kaskazini unakutana na Mille Lacs, Leech, Cass na Vermilion. Upande wa Wisconsin kuna maziwa ya mji wa Hayward na bwawa la Chippewa Flowage. Rekodi ya Minnesota ilivuliwa Mille Lacs Novemba 2021: pauni 55 na wakia 14.8, yaani zaidi ya kilo 25. Rekodi iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa imesimama tangu 1957.

Aliyezoea kuona sangara wa Ukerewe hatashangazwa na uzito huo. Kilicho kigeni kwetu ni tabia. Maski hufuata chambo kutoka mbali mpaka ubavuni mwa boti, akakitazama, kisha akageuka akaenda zake. Chambo cha mabapa mawili kimependwa kwa sababu kinamwamsha samaki wa namna hiyo. Lakini ukiingia dukani unakuta ukuta mzima wa vyambo vinavyofanana, kimoja dola 25, kingine 40, na muuzaji anakusifia vyote. Hivyo basi, tuvilinganishe kwa mambo yanayobadilisha uvuvi wenyewe.

Kwanza, umbo lake. Kuna waya mmoja ulionyooka. Juu ya waya huo mabapa mawili ya shaba nyeupe au ya njano yananing'inia kwenye vishikizo vidogo na huzunguka unapovuta. Chini yake kuna uzito, kisha sketi ya manyoya au nyuzi za kung'aa inayoficha ndoana mbili za meno matatu. Wavuvi wa huku wanakiita baktaili, kwa kuwa sketi ya zamani ilitengenezwa kwa nywele za mkia wa kulungu, na jina limebaki hata kwa vyambo visivyo na unywele mmoja. Bapa moja lilitosha kwa miaka mingi. Mepps Musky Killer, yenye bapa namba 5 (namba ikipanda, bapa ni kubwa zaidi) na nywele za kulungu, bado inauzwa na bado inakamata. Katikati ya miaka ya 2000 Double Cowgirl ya kampuni ya Musky Mayhem ikaingia maziwani na mabapa mawili namba 10 na sketi ndefu ya nyuzi za plastiki zinazometa, na tangu hapo kila mtengenezaji ana toleo lake.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa bapa, maana hapa ndipo pesa yako inapopotea au kuokoka. Namba 8, 9, 10, 12, 13: kwa macho tofauti ni ndogo, ila mkononi ni kubwa mno. Bapa likirefuka kidogo, eneo lake linaongezeka zaidi ya urefu, na maji yanasukumana na eneo. Mwendo nao unazidisha: ukivuta kwa kasi mara mbili, ukinzani wa maji unakaribia mara nne. Mtu anayevuta jozi ya namba 8 kwa raha siku nzima anaweza kuchoka na jozi ya namba 10 kabla ya saa sita mchana, na jozi ya namba 13 ni kazi ya mabega yaliyozoea. Wengi wetu huku tunafanya kazi za kuinua: wagonjwa, mizigo ya maghala, watoto wa watu. Bega lililoinua wiki nzima lisipelekwe Jumamosi kuvuta namba 13. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu jeraha la bega linakunyima mshahara, na pia kwa sababu mkono uliochoka unaacha kufanya kile kinachomkamata maski, ambacho nitakieleza mbele kidogo.

Faida ya bapa kubwa ni mtikisiko. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaosikia mawimbi madogo ya maji, hivyo anaijua jozi ya namba 10 kabla hajaiona. Ndiyo maana vyambo hivi vinang'ara usiku, kwenye maji yenye tope, na siku za upepo mawimbi yanapoficha kila kitu. Kwenye maji maangavu na tulivu, mwanzoni mwa msimu samaki wanapokuwa karibu na maeneo ya kutagia, jozi ya namba 8 au bapa moja dogo mara nyingi hufanya vizuri zaidi. Musky Mayhem wenyewe wanauza Showgirl, mdogo wa Double Cowgirl, wenye jozi ya namba 8. Llungen DC-9, yenye jozi ya namba 9, imekaa katikati, na kwangu ndiyo ukubwa unaomfaa mtu mwenye fimbo moja tu.

Umbo la bapa lina umuhimu uleule. Bapa la Colorado ni la mviringo: linavuta maji mengi, linatoa mtikisiko mzito, na linainua chambo juu, kwa hiyo hata ukivuta taratibu linapita juu ya magugu bila kunasa. Bapa la jani la mwerebi ni refu na jembamba: linazunguka haraka karibu na waya, linang'aa sana, halimchoshi mvutaji, na chambo kinazama zaidi. La Indiana liko kati ya hayo mawili. Ukitaka kupita futi moja au mbili chini ya uso juu ya magugu ya Minnetonka, chukua Colorado. Ukitaka kushuka pembeni mwa miamba ya Vermilion, chukua jani la mwerebi au tafuta mwili mzito zaidi, ukiache kizame huku unahesabu, kisha uanze kuvuta.

Kuna kipimo kimoja nakiamini kuliko maandishi ya kwenye pakiti. Shusha chambo majini kando ya boti au gati, ukivute polepole, kisha polepole zaidi, uangalie mabapa yanasimama wakati gani. Bapa jembamba na kishikizo kilichokaa sawa huendelea kuzunguka kwa mwendo mdogo. Bapa nene, au lenye shanga zinazobana kati yake na jirani yake, husimama mapema na kuning'inia. Vyambo viwili vya namba 10 kutoka kwa watengenezaji wawili vinaweza kupishana sana hapa. Angalia pia kama yanaanza kuzunguka mara tu chambo kinapogusa maji au yanangoja ukivute kwa nguvu. Yakichelewa, huenda waya umepinda; unyooshe kwa koleo.

Kuhusu sketi nitasema machache. Nyuzi za kung'aa hulala ukivuta na kufunguka ukipunguza mwendo, hazinyonyi maji, na zinafanya chambo kionekane kikubwa bila kukiongezea uzito sana. Kasoro yake ni kujifunga kwenye ndoana. Nywele za kulungu zina uwazi ndani, zinaelea kidogo na hazichakai upesi. Manyoya laini ya ndege hupumua vizuri zaidi kwenye mwendo wa taratibu, hivyo ni mazuri maji yakiwa baridi. Rangi isikunyime usingizi: nyeusi usiku, bapa la fedha kwenye maji maangavu, na la dhahabu au shaba kwenye maji yenye rangi ya chai, kama maziwa mengi ya kaskazini mwa Wisconsin.

Fimbo iwe ya futi 8 na nusu hadi 9 na nusu, ya daraja zito. Uzi wa kusuka unaohimili pauni 80 hadi 100, na mbele yake kipande cha waya au cha fluorokaboni ya pauni 100 na kuendelea, kwa sababu ya meno. Kwenye rili, yaani kifaa cha kukunjia uzi, watu wengi hununua yenye kasi wakidhani ni bora kwa kila kitu. Kwa mabapa makubwa unahitaji nguvu. Shimano Tranx 500, kwa mfano, inatoka kwa uwiano wa 4.6:1 na wa 6.6:1, yaani mara ngapi uzi unazungushwa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wa rili. Ule wa 4.6 unavuta jozi ya namba 10 au 12 bila kuumiza kiwiko. Ule wa 6.6 unafaa mabapa madogo unayotaka kuyakimbiza. Usidanganyike na rili ndogo ya bei nafuu iliyotengenezewa samaki wadogo, kwani meno yake ya ndani yatasagika ndani ya msimu mmoja.

Na sasa lile nililoahidi. Chambo kikikaribia boti, bakiza kama futi moja ya uzi nje ya ncha ya fimbo pamoja na waya wa mbele, zamisha ncha majini, na uanze kuchora nambari nane kubwa bila kusimamisha mabapa hata kidogo. Usingoje kuona samaki ndipo uanze. Fanya hivyo kila unaporusha, kwa sababu maski wengi hula hapo, kwenye kona ya kwanza au ya pili, na mara nyingi mvuvi hakumwona akija. Kona ziwe pana. Jozi ya namba 10 ikizungushwa kwenye kona finyu hupoteza mwendo, mabapa yanalala, na samaki aliyekuwa nyuma anaondoka. Zama kidogo kwenye sehemu iliyonyooka, panda kidogo kwenye kona, ongeza mwendo unapotoka kwenye kona. Mwenye jozi ya namba 8 na nambari nane safi kila mara atamshinda mwenye jozi ya namba 13 anayeinua chambo kwa uchovu mita mbili kabla ya boti. Kwa hiyo ukiulizwa chambo kipi ni bora, jibu langu ni kile kikubwa kuliko vyote unachoweza kukivuta hadi jioni na bado ukachora nane yako vizuri ile mara ya mwisho.

Kabla ya kurusha mara ya kwanza, uwe na vifaa vya kumtoa samaki: wavu mkubwa wenye mfuko uliopakwa mpira, koleo refu, na mkasi wa kukatia chuma ulio mkali. Ndoana za vyambo hivi ni nene na samaki anatupatupa kichwa. Akiwa ndani ya wavu, mwache majini, kata ndoana badala ya kung'ang'ana nazo, kisha badilisha ndoana jioni kwa dola chache. Mnyanyue amelala, mkono mmoja chini ya tumbo, picha moja au mbili, arudi majini, umshike mkia hadi aondoke mwenyewe. Maji yakifika nyuzi 80 za Fahrenheit, kama 27 za Selsiasi, acha maski kabisa uvue wengine. Kwenye joto hilo samaki anaweza kuondoka akionekana mzima na kufa baadaye. Ndoana ikikuingia mkononi na kupita kizuizi chake, kile kijino kinachoizuia isitoke, nenda hospitali.

Najua swali la nyumbani: kwa nini umwachie samaki wa kilo 15? Minnesota inataka maski awe na inchi 54 ndipo umchukue kwenye maziwa mengi, na wanaofika hapo ni wachache sana. Wanakua taratibu, wengi wamepandikizwa kwa fedha za leseni, na mwindaji mkubwa wa aina hii hukusanya zebaki mwilini, jambo la kuangaliwa sana kwa mama mjamzito na watoto. Wa kukaanga ni walai (kwa Kiingereza walleye) na samaki wadogo, mtawapata wengi.

Leseni inahitajika kuanzia miaka 16. Ukiishi Minnesota siku 60 mfululizo unalipa bei ya mkazi, ambayo ni nafuu sana kuliko ya mgeni. Msimu wa maski wa Minnesota unafunguliwa mwanzoni mwa Juni, na kwenye maji yasiyoganda jimbo hilo linaruhusu mshipi mmoja kwa mtu, ilhali Wisconsin inaruhusu mitatu. Kitabu cha kanuni hutoka kila mwaka. Kisome, maana ziwa moja moja lina sheria zake. Ukitoa boti majini, ondoa magugu yote na fungua vizibo maji yatoke kabla ya kuingia barabarani. Faini yake ni ya kweli.

Usinunue mtandaoni chambo chako cha kwanza. Nenda Thorne Bros kule Blaine, au ukiwa Wisconsin, Rollie & Helen's mjini Minocqua, ukishike mkononi, upulize mabapa uone yanavyocheza, uulize muuzaji wanavua nini wiki hiyo na kwenye ziwa gani. Anza na jozi ya namba 8 au 9 yenye sketi inayong'aa, rangi nyeusi. Cha pili kiwe jozi ya namba 10, Colorado, bapa la dhahabu. Cha tatu kingoje hadi ujue ziwa lako linataka nini.