Japani peke yako kwa bajeti ndogo: njia, viza na vitanda vya hosteli (somo)

Wengi wanaiogopa Japani kwa sababu ya bei za kulala. Lakini kitanda cha hosteli Tokyo kinapatikana kwa yen 3,000 hadi 4,500, na sahani ya wali na nyama ni kama yen 500. Kinachomaliza hela ya msafiri ni mambo mawili: kuvuka kutoka mji hadi mji, na kufika tarehe ambayo Japani nzima iko safarini. Ndiyo maana somo hili linaanza na njia. Vitanda vinafuata baadaye. Bei zichukuliwe kama kipimo, maana zinapanda kidogo kidogo.

Hatua ya 1: Panga njia

Ingia mji mmoja, ondokea mwingine. Emirates na Qatar Airways, ambazo zinabeba abiria Dar es Salaam na Nairobi, zinatua Tokyo na pia Osaka (uwanja wa Kansai). Unapotafuta tiketi chagua miji tofauti ya kwenda na kurudi, kisha linganisha na ile ya kurudia Tokyo. Mara nyingi tofauti ni ndogo, nawe unaokoa nauli ya Shinkansen (treni ya mwendokasi) ya kurudi, karibu yen 14,000.

Sasa pasi ya reli, JR Pass: unalipa mara moja, unapanda treni za kampuni za JR kwa siku kadhaa bila kukata tiketi kila safari. Mtandaoni bado zimejaa makala za zamani zinazosema ni lazima kuinunua. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Piga hesabu ya njia ya kawaida: Tokyo–Kyoto karibu 14,000, Kyoto–Hiroshima kama 11,500, Hiroshima–Osaka kama 10,500. Jumla ni 36,000, na hapo umepanda treni ya mwendokasi kila mahali. Pasi imekula kwako. Inalipa tu kwa mtu anayekimbia nchi nzima ndani ya wiki moja, na mtu wa bajeti ndogo hana sababu ya kukimbia.

Njia za bei nafuu zaidi ni hizi:

- Basi la usiku. Tokyo hadi Kyoto au Osaka ni kati ya yen 4,000 na 8,000 kutegemea siku. Ijumaa na Jumapili ndizo ghali. Linaondoka kama saa 4 au 5 usiku na kufika alfajiri, kwa hiyo umeokoa na kitanda cha usiku mmoja. Mengi ya Tokyo yanaanzia kituo cha mabasi cha Busta Shinjuku, ghorofa ya 4, juu ya reli.
- Tiketi ya Seishun 18. Inauzwa majira ya likizo tu: siku 3 kwa yen 10,000 au siku 5 kwa 12,050, treni za kawaida pekee. Tangu majira ya baridi ya 2024 siku hizo lazima zifuatane. Tokyo hadi Osaka ni kama saa tisa na kubadilisha treni mara kadhaa. Inamfaa anayependa kuangalia dirishani.

Tahadhari moja kuhusu ratiba za mabasi: Wajapani huendelea kuhesabu saa baada ya usiku wa manane, hivyo utaona 24:30 au 25:00. Basi la "Ijumaa 25:00" linaondoka saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi. Watu wanakosa basi kwa siku nzima kwa sababu ya hili.

Tarehe za kukwepa: mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei (Golden Week), katikati ya Agosti (Obon), na siku za mwaka mpya. Kyoto ongeza msimu wa maua ya sakura, mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Aprili, na Novemba yote. Kitanda cha 3,000 kinaweza kufika 8,000 siku hizo. Hata ndani ya wiki ya kawaida, Jumamosi usiku huwa na bei yake. Kama unaweza, Jumamosi lala mji mdogo.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Kwa utalii wa kujilipia, ubalozi unataka fomu, picha, nafasi ya ndege iliyoshikwa, barua ya kazi au uthibitisho wa biashara, taarifa ya benki, na ratiba ya siku kwa siku.

Hiyo ratiba ndipo maombi ya watu wa hosteli yanapokwama. Kila usiku uwe na jina la mahali pa kulala, anwani na simu. Shika vitanda vyenye kufutwa bure hadi siku chache kabla, kisha hakikisha tarehe za vitanda, za ndege na za ratiba zinaongea lugha moja. Kama unapanda basi la usiku, liandike kwenye ratiba, la sivyo huo usiku unaonekana huna pa kulala. Pesa nyingi iliyoingia benki wiki moja kabla ya maombi inazua maswali kuliko salio dogo lililotulia miezi kadhaa.

Viza ikitoka, unatakiwa kuingia Japani ndani ya miezi 3. Usiombe mapema mno. Ukikataliwa, huelezwi sababu, na kwa kawaida hupokelewi tena kwa lengo lilelile kabla ya miezi 6 kupita. Usilipie tiketi isiyorudishwa kabla ya jibu.

Hatua ya 3: Chagua kitanda

Tokyo, angalia Asakusa, Kuramae na Ueno: hosteli ni nyingi, na treni za kutoka viwanja vya ndege vya Narita na Haneda zinafika bila mzunguko. Bei ikikushinda shuka Minami-Senju. Osaka, eneo la Shin-Imamiya lina vyumba vidogo vya mtu mmoja kwa bei inayokaribia ya kitanda cha bweni. Zamani vilikuwa vya vibarua wa kutwa. Mtaa umechakaa na wazee walevi wapo, ila treni ya Nankai kutoka uwanja wa Kansai inasimama hapohapo. Kyoto, tafuta kati ya stesheni kuu na Gojo. Kyoto ikijaa, lala Osaka: treni ya JR ya haraka ni kama yen 580, nusu saa tu.

Kabla ya kulipa, soma mambo haya:

1. Bweni ni la wanawake, wanaume au mchanganyiko? Hoteli nyingi za kapsuli (vijumba vya kulala mtu mmoja mmoja) zinapokea wanaume pekee.
2. Mapokezi yanafungwa saa ngapi? Nyingi ni saa 4 usiku. Ndege ikitua saa 3, huwahi. Waandikie wakutumie namba ya siri ya mlango.
3. Loka ya ndani inaingiza begi, au ni ya simu na pochi tu?
4. Bei ni pamoja na kodi ya malazi? Kyoto wanatoza yen 200 kwa usiku hata kwa kitanda cha bweni, mara nyingi taslimu unapofika.

Hatua ya 4: Siku ya kufika

Usibebe nyama ya aina yoyote, iwe soseji au nyama iliyokaushwa. Inakamatwa na ni kosa kisheria. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 nazo zimepigwa marufuku. Jaza fomu za tovuti ya serikali, Visit Japan Web, ukiwa nyumbani ili upate msimbo wa QR wa uhamiaji na forodha.

Uwanjani fanya mambo mawili tu: toa pesa kwenye mashine ya Seven Bank au ya posta, zinazokubali kadi za nje, kisha nunua kadi ya usafiri, Suica au PASMO (Osaka ni ICOCA). Amana ni yen 500. Kuongeza salio stesheni ni kwa noti, kwa hiyo usibaki na kadi ya benki peke yake.

Kutoka Narita usikimbilie Skyliner, treni ya haraka ya bei ghali. Treni ya kawaida ya Keisei inafika Ueno kwa kama yen 1,050, dakika 75 hivi. Basi la Tokyo Station ni 1,500.

Hatua ya 5: Ndani ya hosteli

Kuingia ni saa 9 au 10 alasiri, kutoka saa 4 au 5 asubuhi. Ukifika mapema, begi linapokelewa bure, chumba hupewi. Pasipoti itatolewa nakala. Ni sheria kwa mgeni asiye na makazi Japani. Na ukitoka, tembea nayo, maana polisi wana haki ya kuidai.

Viatu vinavuliwa pale sakafu inapopanda, siyo hatua mbili mbele. Slipa za chooni zinabaki chooni. Kitanda ni cha deka chenye pazia, taa na soketi. Tandika shuka mwenyewe, na asubuhi livue ulipeleke kwenye kikapu. Taulo hukodishwa yen 100 au 200, beba lako. Mashine ya kufulia ni 200 hadi 300, ya kukaushia 100 kwa nusu saa. Jeans zinataka awamu mbili au tatu.

Kosa linalokera wenzako kuliko yote ni kelele za mifuko ya plastiki. Anayeondoka alfajiri apange begi usiku, abaki na nguo za kuvaa tu. Simu haizungumzwi bwenini hata kwa kunong'ona. Ndugu zetu wa sauti za WhatsApp, nendeni sebuleni.

Kwa siku, ukiondoa kuvuka miji, weka yen 7,500: kitanda 3,500, chakula 2,000, usafiri wa mjini 1,000, viingilio 1,000. Chakula kinashuka ukinunua supamaketi jioni: kuanzia kama saa 1 au 2 usiku vyakula vilivyopikwa hubandikwa stika ya 半額, yaani nusu bei. Karibu kila hosteli ina jiko na maikrowevu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Mombasa: Shukrani mkuu. Sisi Waislamu tutakula nini kwa yen 2,000?*

Migahawa ya nyama ya bei nafuu haikufai, nyama si ya kuchinjwa kihalali. Rameni (tambi za supu) nyingi supu yake ni ya mifupa ya nguruwe hata kama juu kuna mboga. Kwenye lebo tafuta herufi 豚 (nguruwe) na 酒 (pombe). Mirin pia ni pombe ya kupikia na imo kwenye michuzi mingi. Njia rahisi ni kupika hosteli: mchele, mayai, samaki na mboga za supamaketi. Nyama halali inauzwa kwenye maduka ya Shin-Okubo, Tokyo. Msikiti mkubwa, Tokyo Camii, uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Sufuria ya hosteli ioshe kwanza, wengine wamekaangia nguruwe humo.

*Mwanachama, Arusha: Nina sanduku kubwa. Basi la usiku litanikubalia?*

Kwa kawaida sanduku moja tumboni mwa basi, lakini kila kampuni ina vipimo vyake, soma kabla ya kulipa. Kwenye Shinkansen ya Tokyo–Osaka, mzigo ambao urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 unataka kiti maalumu kilichoshikwa mapema. Bila hivyo ni faini ya yen 1,000. Ushauri wangu, acha sanduku. Stesheni nyingi ngazi ni nyingi na lifti iko upande wa mbali. Begi la lita 40 linatosha, nguo unafua kila siku ya nne.

*Mwanachama, Nairobi: Basi linafika saa 12 asubuhi, hosteli inafungua saa 9. Hizo saa zote niende wapi?*

Begi weka kwenye loka za stesheni, yen 400 hadi 800, uwe na sarafu za mia. Angalia: loka nyingi zinahesabu siku hadi usiku wa manane, siyo saa 24. Kisha nenda kwenye sehemu zisizofungwa. Kyoto, Fushimi Inari ni wazi usiku na mchana na haina kiingilio. Saa 1 asubuhi unapita chini ya malango mekundu peke yako, saa 4 huwezi hata kupiga picha. Kuoga, tafuta bafu la umma, sento. Tokyo ni kama yen 550, ila mengi hufungua mchana.

*Mwanachama, Kigali: Kadi ya Suica naweza kupanda nayo treni za kawaida kutoka Tokyo hadi Kyoto?*

Hapana. Kadi inafanya kazi Kyoto, lakini huwezi kuingia kwa eneo moja ukatokea lingine. Ukigusa Tokyo na kupitiliza stesheni ya Atami, linapoishia eneo la Tokyo, kuelekea magharibi, geti la kutokea litakataa, utalipa taslimu na kupewa karatasi ya kufutia safari hiyo kwenye kadi. Safari ndefu kata tiketi ya karatasi.

*Mwanachama, Dodoma: Adapta gani? Na mashine yangu ya kunyolea itafanya kazi?*

Pini mbili bapa, volti 100. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Mashine ya 220–240V pekee itazunguka kivivu na kuvuta nywele badala ya kukata. Iache nyumbani.

*Mwanachama, Kampala: Nimesikia hosteli zinakupa kitanda bure ukisaidia usafi. Nitafute hiyo?*

Kwa viza ya matembezi usiiguse. Kitanda unachopewa kwa kufanya kazi ni malipo, na viza hiyo hairuhusu kazi ya malipo. Ukikamatwa ni kurudishwa na kufungiwa kuingia. Ukitaka kupunguza gharama ya kulala, waulize bei ya wiki nzima. Hosteli nyingi zinapunguza kuanzia usiku wa saba, hasa Januari na Februari.