Kokoto za njia ya gari: pima kwanza, agiza baadaye

Nyumba yangu iko Mikindani, Mtwara, mahali penye mteremko, na mvua za Desemba mpaka Aprili zilikuwa zikiichimba njia ya gari mifereji. Mara ya kwanza niliagiza tripu moja kwa kukadiria kwa macho. Kokoto ziliishia nusu ya njia.

Sasa napima kwa futi kamba. Njia yangu ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 3, na kina nataka sentimita 10, yaani mita 0.1. Zidisha: 12 × 3 × 0.1 ni mita za ujazo 3.6. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa kama tani 1.5, kwa hiyo ni tani 5.4. Ongeza sehemu ya kumi, maana zikishindiliwa hupungua: agiza tani 6. Lori likifika, panda ulitazame kabla halijamwaga.

Za gari chukua zilizopasuliwa, zenye kona, saizi ya robo tatu inchi. Zile kona hushikana. Changarawe za mviringo hukimbia chini ya tairi, afadhali uziweke bustanini, sentimita 5 zinatosha. Jiwe jeupe la matumbawe lililo laini usilitandaze juu. Gonganisha vipande viwili mkononi: vikitoa unga mweupe, acha.

Na chini, kwenye mchanga wetu huu, tanguliza moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, mwagia maji, shindilia. Bila hiyo kokoto humezwa.